Barua ya wazi kwa Baraza la Wazee: wafanyakazi wa kanisa nao wanahitaji mchungaji

Kwa Baba Askofu, Mchungaji Kiongozi na Wazee wa Baraza,

Bwana asifiwe.

Nawaandikia mimi mfanyakazi wa ofisi ya kanisa letu hapa Mombasa, na nimeandika hadharani kwa kuwa ninalotaka kusema halihusu kanisa moja tu. Nimezungumza na makarani, mafundi wa mitambo, madereva, wasafishaji na walinzi wa makanisa mengine makubwa ya Kisauni, Bamburi, Tudor, Changamwe na Likoni, na wanayoyaeleza yanafanana na yetu kiasi cha mtu kudhani sote tumeandikwa kazi na tajiri mmoja. Sikutaja jina la kanisa wala la mtu, na ninamwomba msomaji asijisumbue kutafuta.

Ombi langu ni mtutenganishie ajira na uchungaji. Leo hii anayenihubiria Jumapili ndiye anayeidhinisha mshahara wangu, ndiye anayeamua nipate likizo au nisipate, na ndiye huyo huyo ambaye, kwa desturi ya kanisa, napaswa kumwendea nikiwa na mzigo moyoni. Mshirika wa kawaida akikosana na mkubwa wake bandarini au hotelini huja kanisani, akasikilizwa, akaombewa, akarudi kazini Jumatatu akiwa na nguvu. Sisi tukikosana na mwajiri wetu hatuna pa kwenda, kwa kuwa mlango wa malalamiko na mlango wa maombi ni mmoja, na aliyekaa ndani ni mtu yule yule. Wahenga walisema mganga hajigangi, na kanisa linaloshauri ndoa, wafiwa na vijana wa mtaa mzima halijawahi kujiuliza nani anawashauri watu wanaofungua milango yake alfajiri.

Kwa sababu hiyo, kila jambo la kazi hugeuka jambo la imani. Ukiuliza habari ya saa za ziada, unaulizwa kama bado unao wito. Ukisema umechoka, unashauriwa ufunge na kuomba. Ukiomba nyongeza, unakumbushwa kwamba wapo vijana wengi ambao wangeifanya kazi hiyo bure, na kwa bahati mbaya hilo ni kweli: wapo vijana wanaoshika kamera na nyaya zetu mwezi baada ya mwezi kwa jina la kujitolea, wakitumaini kwamba siku moja wataitwa ofisini wapewe barua. Wanaolipwa hunyamazishwa kwa kutajiwa wasiolipwa, na wasiolipwa hushikiliwa kwa ahadi ya kulipwa. Sidhani kuna mzee yeyote kati yenu aliyeketi akaupanga mtindo huu. Umejijenga wenyewe kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kuuangalia.

Watu wengi hudhani kazi ya kanisa ni ya Jumapili. Naomba niwaeleze chumba kimoja tu, chumba cha kuhesabia sadaka, kwa kuwa nakijua vizuri na kwa kuwa wengi wenu hukiona pale tu mnapokuja kuchukua jumla. Mashemasi huleta mifuko baada ya kila ibada, hufunguliwa mbele ya watu wawili, na yaliyomo humwagwa mezani. Noti zinazotoka kwenye vibanda vya sokoni Kongowea huja zimekunjwa mara nne zikiwa na unyevu wa viganja. Bahasha za fungu la kumi huja na jina na nambari. Sarafu za shilingi 5, 10 na 20 tunazipanga minara minara, na ile ya shilingi 40, ambayo siku hizi ni nadra kuiona dukani, hutokeza mara moja moja ikatuchekesha. Dirisha hufungwa kwa ajili ya usalama na feni huzimwa ili noti zisipeperuke, na mwezi wa Machi, joto la Mombasa likiwa limekaza, jasho hudondokea karatasi za hesabu. Kabla hatujamaliza mifuko ya ibada ya kwanza, mifuko ya ibada ya pili inabisha hodi. Kwa hivyo sisi hatuabudu. Tunayasikia mahubiri kupitia ukutani, mvumo usio na maneno, na tunajua kwamba mhubiri amefika mwisho pale tu vinanda vinapoanza. Wapo wenzangu ambao hawajakaa ndani ya ibada nzima tangu waandikwe kazi, na bado fomu ya tathmini ya kila mwisho wa mwaka huwauliza kama wanahudhuria ibada kwa uaminifu.

Jumamosi ina shida yake. Harusi iliyoandikwa saa nne huanza saa saba kwa sababu msafara wa bibi harusi umekwama Buxton au darajani Nyali, na hakuna mzee anayethubutu kumwambia baba wa bibi harusi kwamba muda wake umekwisha, hasa akiwa mtoaji mzuri. Wageni wakiondoka jioni, wasafishaji ndipo wanapoanza. Zile karatasi ndogo za kumetameta zinazorushwa juu ya maharusi hazitoki kwa ufagio wala kwa mashine. Huokotwa kwa vidole, kwa magoti, kwenye zulia la madhabahuni, kwa kuwa kamera za Jumapili zitazionyesha. Viti hupangwa upya, vitambaa hubadilishwa, maua yaliyonyauka hutolewa, na akina mama hao hutoka langoni usiku, wakati nauli ya Mishomoroni imepanda na wale wa Likoni bado wanawaza foleni ya feri. Fundi wa sauti, ambaye mchana kutwa amekuwa akisugua kutu kwenye viungio vya nyaya kwa sababu hewa yetu ya chumvi haina heshima kwa kifaa chochote, huambiwa awepo saa kumi alfajiri.

Mafundi hawa wana hadithi ambayo wengi wameisahau. Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, na hata Julai ya mwaka huo serikali iliporuhusu waumini wasiozidi 100 kwa ibada ya saa 1, kilichowaunganisha washirika na kanisa ilikuwa simu ya mkononi. Vijana watatu wanne walijifunza kurusha ibada mtandaoni kwa vifaa vya kuazima. Ilikuwa kazi ya dharura na waliifanya kwa moyo. Korona imepita, kamera zimebaki, na kazi iliyokuwa ya dharura imekuwa ya kila siku: kurekodi, kukata vipande vya mahubiri, kuandika maneno ya nyimbo, kujibu wanaotuma maombi usiku kutoka Ughaibuni. Idadi ya mafundi haijaongezeka kwa kiasi cha kazi.

Kuhusu dereva nitasema kwa ufupi lakini bila kuficha. Mshirika anapofariki na mwili kusafirishwa bara, basi la kanisa hubeba waombolezaji. Kutoka hapa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na mazishi mengi ni mbali zaidi ya hapo. Sheria ya Barabarani ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, lakini dereva wetu huendesha usiku kucha, hushinda mazishini, hugeuza usiku wa pili, na Jumapili asubuhi anaonekana kwenye njia ya Mtwapa akiwachukua watoto wa shule ya Jumapili. Mtu anaweza kubishana kama basi la kanisa linahesabiwa kuwa gari la abiria. Usingizi haubishani.

Nikija kwenye sheria ya kazi, naomba wazee wasione kwamba nawatisha kwa mahakama. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 haikusema kwamba karani au msafishaji hana haki hizo kwa kuwa aliyemwajiri ni kanisa. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Kifungu cha 27 kinadai siku 1 nzima ya mapumziko katika kila siku 7, na kifungu cha 28 likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo kamili. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi 1 ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, na hapo ndipo wasafishaji na walinzi wetu, wanaoitwa vibarua mwaka nenda mwaka rudi, wanapaswa kufikiriwa upya. Mapumziko yetu ni Jumatatu kwa maandishi tu. Jumatatu ndiyo siku ya benki, ndiyo siku ya kulinganisha taarifa ya M-Pesa na daftari la sadaka, na ndiyo siku ambayo familia zilizofiwa mwisho wa juma hupiga simu.

Lipo suala la fungu la kumi, na hapa najua nakanyaga penye miiba. Katika baadhi ya makanisa yetu, fungu la kumi la mfanyakazi hukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Sina ugomvi na utoaji; ninatoa na nitaendelea kutoa. Lakini kifungu cha 19 cha sheria hiyo kinaorodhesha makato yanayoruhusiwa, na yale ambayo mfanyakazi mwenyewe huyaomba kwa maandishi yameruhusiwa kwa sharti kwamba mwajiri hana faida ndani yake. Kanisa linalomkata karani wake kisha likajiwekea lenyewe haliwezi kusema halina faida. Na kando ya sheria, sadaka iliyokatwa na mhasibu si sadaka ya yule aliyekatwa, kwa kuwa hakupata nafasi ya kuitoa. Ningependa kusikia mahubiri juu ya hilo.

Makato mengine ndiyo yanayoumiza kimyakimya. Tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya mshahara huenda kwenye bima ya afya ya SHA, na kwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 na mwajiri huongeza asilimia 6 kwa kiwango kilichowekwa. Fedha hizo zikikatwa sharti zifike. Mwenzetu mmoja alimpeleka mkewe kujifungua, akasimama kwenye dirisha la usajili akiwa na kitambulisho mkononi na hati ya mshahara inayoonyesha makato, na dada wa usajili akamgeuzia kioo cha kompyuta ajisomee mwenyewe kwamba michango haijaingia. Ilibidi achangiwe. Waliochanga usiku ule, kwenye kundi la WhatsApp, walikuwa wasafishaji na walinzi wa kanisa. Jumapili iliyofuata mtoto alitangazwa madhabahuni kwa shangwe, na hakuna aliyeuliza bili ililipwa vipi.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu mimi ndiye ninayechapa kumbukumbu za mikutano: kwamba sadaka hupanda na kushuka. Ni kweli. Desemba hujaa, Januari hukauka kwa sababu ya karo za shule, na hapa Pwani hoteli zikipunguza watu baada ya msimu wa wageni, sisi tunaona kwenye bahasha kabla gazeti halijaandika. Hakuna mfanyakazi wa kanisa asiyeelewa hali hiyo, na wengi wetu tumewahi kusubiri mshahara bila kunung'unika. Lakini mipango ya kanisa huonyesha kinachosubiri na kisichosubiri. Skrini kubwa ya madhabahuni ilifanyiwa harambee na ikalipwa katika kipindi kile kile ambacho mishahara ilicheleweshwa, na aliyeuliza aliambiwa kwamba fedha za mradi haziguswi. Ikiwa fedha za skrini zinaweza kuwekewa akaunti isiyoguswa, basi mishahara nayo inaweza kuwekewa.

Wazee wetu mnaijua habari ya Nehemia, sura ya 13. Aliporudi Yerusalemu aligundua kwamba Walawi hawakupewa sehemu zao, na kwamba wao na waimbaji waliofanya kazi hekaluni wamekimbia kila mtu shambani kwake. Hakuwashutumu Walawi kwa kupoteza wito. Aliteta na wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, kisha akaweka watunza hazina waliohesabiwa kuwa waaminifu wawagawie ndugu zao. Mara nyingi nimesikia sehemu hiyo ikisomwa ili washirika walete zaka ghalani. Sijasikia ikisomwa mpaka mstari unaosema zaka hizo zilifika kwa nani.

Na kanisa la Pwani lina historia inayolidai zaidi kuliko makanisa ya kwingine. Misheni ya Rabai ilianzishwa mwaka wa 1846, na Frere Town ilianzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kila asubuhi matatu yangu hupita Kengeleni, mahali panapoitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya makao yale. Sisemi kwamba sisi ni watumwa, na atakayenisoma hivyo atakuwa amenionea. Ninasema kwamba kanisa lililojengwa na watu wa aina ile linapaswa kuwa la kwanza kujua jasho la mtu lina thamani gani. Vilevile, tangu maafa ya Shakahola ya mwaka wa 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga, kumekuwa na mazungumzo mengi ya serikali kuyasimamia makanisa, na wachungaji wengi wamejibu kwamba kanisa linaweza kujisimamia lenyewe. Naliunga mkono jibu hilo. Pa kuanzia ni ofisini kwetu.

Rafiki yangu mmoja ni ustadhi wa madrasa huko Majengo. Nilipomweleza habari hizi alicheka kwa muda mrefu, akaniambia nibadilishe majina tu niipeleke barua hii msikitini kwao. Nimeliandika hili ili ijulikane kwamba sioni dosari hii kuwa ya Wakristo peke yao. Popote kazi inapofanywa kwa jina la Mungu, anayelipa hupata kisingizio ambacho mwenye duka hana.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Kanisa hili lina washirika waliokuwa maafisa wa rasilimali watu bandarini, mameneja wa hoteli, mawakili na wahasibu. Watatu kati yao wasio jamaa wa viongozi wakiundiwa kamati ya ajira, wakaandika mikataba, wakasimamia likizo na kuhakikisha michango ya NSSF na SHA imelipwa kila mwezi, Mchungaji Kiongozi atapumzika kutokana na kazi ambayo hakusomea. Malalamiko ya kazi yaende kwa kamati hiyo na yaamuliwe kwa kanuni, pasipo mtu kuulizwa juu ya maisha yake ya maombi. Kisha tupatiwe mchungaji asiyetulipa. Makanisa mawili jirani yanaweza kukubaliana kwamba mchungaji wa huku awasikilize wafanyakazi wa kule na wa kule awasikilize wa huku, na yanayosemwa humo yasirudi kwa mwajiri. Na kila mmoja wetu aruhusiwe, walau Jumapili moja kwa mwezi, kwenda kuabudu kwingine au kuketi kanisani kwake kama mshirika, bila redio ya upepo kiunoni, bila funguo, bila simu ya ofisi, na asiandikwe kuwa ameasi. Hilo la mwisho ndilo ninalolitamani kuliko yote, na nadhani wenzangu wa chumba cha sadaka wataniunga mkono.

Wapo watakaosema kwamba mfanyakazi asiyeridhika aondoke. Wengi wameondoka, wazee wetu. Wanapoondoka hawaachi kazi tu, huacha na kanisa, kwa kuwa mtu hawezi kuketi kwa utulivu mbele ya madhabahu aliyofukuzwa nyuma yake. Katika orodha ya washirika, wengi wao bado mnawahesabu.

Bajeti ya mwaka ujao itajadiliwa kabla ya mkutano mkuu. Naomba suala la ajira liwekwe kwenye ajenda ya Baraza kwa jina lake, si chini ya mengineyo, na wafanyakazi wawakilishwe na watu waliowachagua wenyewe, akiwemo angalau msafishaji mmoja. Mkikubali, kumbukumbu za mkutano huo nitazichapa kama kawaida.

Wenu katika Bwana,

Mfanyakazi wa ofisi ya kanisa,
Mombasa